Vikao vya mwanasaikolojia ndani ya soba hausi: uzoefu wangu

Kuna watu wananiuliza kama vile vikao vya kuongea nilivyopata soba hausi, yaani nyumba wanakolazwa waraibu ili waache dawa za kulevya, vina faida, au ni njia ya kuwalia hela wazazi wa mateja. Vina faida. Ila si kwa kila mtu wala si kwa kila wakati, na mimi naamini visingenifaa kama ningekuwa naenda na kurudi nyumbani.

Nyumba yenyewe siitaji. Ipo pwani ya Tanzania na, kama nyingi za aina hiyo, inafuata Hatua 12 za Narcotics Anonymous, umoja wa waraibu wanaosaidiana kuacha: asubuhi tafakari, kisha usafi, kisha kushea kwenye duara, jioni mkutano. Kilichoitofautisha ni mwanasaikolojia, dada mmoja mtu mzima, aliyekuwa akikaa faragha na kila mmoja wetu mara mbili kwa wiki. Njia yake ni ya saikodainamiki, yaani ile iliyochipuka kwa Freud. Hakuulizi sana umevuta kete ngapi. Anataka kujua unga, yaani heroini, ulikuwa unakufanyia nini, na yale unayoyarudia kwa watu bila kujijua uliyaanzia wapi.

Mwanzoni sikuambulia kitu. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, hupamba moto siku ya pili na ya tatu, na hata maumivu yakitulia baada ya wiki hivi, usingizi huchelewa kurudi. Mtu anayeharisha huku makamasi yanamtiririka utamuuliza habari za utoto wake? Nyumba ikikuandikia vikao hivi tangu siku ya kwanza, waambie wasubiri.

Mambo yalibadilika siku msimamizi wetu, naye mraibu aliyepata nafuu, aliponiamuru mbele ya wenzangu nirudie kufagia uwanja. Nilitupa fagio nikaenda kufungasha nguo. Mtaani ningeshafika kijiweni, lakini mle ndani mchana huohuo nilikuwa na kikao. Dada hakunikemea wala kunibembeleza. Akauliza, "Kaka, huyo uliyemtupia fagio ni nani?" Nikamtaja msimamizi. Akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa kunanikera kuliko maswali. Mwisho nikajikuta namzungumzia baba mdogo aliyenilea, alivyokuwa akinifedhehesha mbele ya wageni, na jinsi unga ulivyonizimia hasira ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniruhusu kuionyesha. Baadaye nilikuja kusoma kwamba daktari wa akili wa Marekani, Edward Khantzian, aliandika jambo hilohilo mwaka 1985: kwamba wengi wanaoshikwa na heroini wanaitumia kutuliza ghadhabu iliyowazidi. Nilicheka peke yangu.

Faida ya kulala hapohapo ndiyo hiyo. Ugomvi unaoupeleka kwenye kikao ni wa asubuhi hiyo, bado wa moto, na ukitoka unarudi kukaa meza moja na uliyegombana naye. Hasira ilikuja kumhamia hata dada mwenyewe. Siku aliyochelewa kwa sababu ya foleni nilimnunia kikao kizima. Kumbe hilo wanasaikolojia wa njia hii wanalitarajia, na ndilo wanalolifanyia kazi.

Msidhani inatosha peke yake. Utafiti mkubwa wa Marekani kwa watumiaji wa kokeini, uliotoka 1999, ulionyesha ushauri wa kawaida wa uraibu, wenye mwelekeo wa Hatua 12, ukifanya vizuri kuliko vikao vya aina hii. Lakini ule wa Philadelphia wa miaka ya 1980, kwa watu wa methadoni, dawa ya hospitali inayotolewa badala ya heroini, ulionyesha kuwa waliokuwa na matatizo makubwa ya kisaikolojia walinufaika walipoongezewa vikao. Mimi najihesabu kwenye kundi hili la pili.

Malalamiko yangu ni matatu. La kwanza ni siri: neno nililolisema kwenye kikao nililisikia kutoka kwa msimamizi, na hakuna aliyewahi kunieleza mapema nini kinabaki kwa dada na nini anaambiwa uongozi. La pili, nyumba haikupokea mtu anayetumia methadoni, wakati Muhimbili wanaitoa tangu 2011. Sioni mantiki ya kumfukuza mtu kwa kutumia dawa ya hospitali.

La tatu ndilo zito. Vikao viliisha siku ada ilipoisha, tena bila maandalizi, na huo ndio wakati wa hatari: mwili umeshasahau unga, ukirudia kipimo chako cha zamani unaweza kufa hapohapo. Kwa hiyo kabla familia haijalipa, ulizeni kama mwanasaikolojia ataendelea kumpokea ndugu yenu akishatoka, na kwa bei gani. Mimi ilibidi nitafute mwingine nianze upya. Huyu wa sasa ni mzee wa kiume, bei yake inavumilika, ila kunyamaza hawezi kabisa.