Dakika 40 kwa Frank McWorter: uzoefu wangu wa safari ya basi, Hannibal hadi New Philadelphia

Nianze na hela, maana najua ndiyo mnayotaka kuisikia. Tulilipa dola 95 kila mtu, mimi na Mama yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga. Safari ya siku moja, basi dogo, kutoka St. Louis asubuhi na kurudi jioni. Chakula juu yako. Kampuni siitaji, malalamiko yangu nimeshawaandikia wenyewe.

Ratiba ilikuwa na vituo viwili. Asubuhi Hannibal, Missouri, alikokulia mwandishi Mark Twain. Mchana tunavuka Mto Mississippi kuingia Illinois, kama maili 25 hivi, kwenda New Philadelphia: mji wa kwanza unaojulikana kupimwa viwanja na kusajiliwa kisheria na Mmarekani mweusi, huyo Frank McWorter, kabla ya ile vita yao ya wenyewe kwa wenyewe. Mimi nililipia hicho cha pili. Hannibal ilikuwa nyongeza tu.

Hannibal tukapewa saa tatu na nusu. Pazuri, pana vivuli, pana maduka, Mama akanunua sumaku ya friji. Basi. New Philadelphia, dakika 40.

Sasa mjue kabisa mnachokwenda kuona, msije mkaniambia sikuwaambia. Unatoka barabara kuu namba 72 karibu na mji wa Barry, unakata mashamba ya mahindi na soya, halafu basi linasimama kwenye uwanda wa nyasi. Kuna kibanda cha maelezo, njia ya kutembea na mabango. Ipo pia programu ya simu inayokuonyesha nyumba zilivyokuwa pale unaposimama. Kiingilio hakuna. Nyumba za zamani zenyewe hakuna, zimebaki misingi chini ya udongo. Mama alishuka, akajifunika kanga yake kichwani kwa jua, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Sasa mji wenyewe uko wapi, mwanangu?"

Swali la haki kabisa. Na kulijibu ndiyo ilikuwa kazi ya kiongozi wetu, kijana mpole ambaye Hannibal alizungumza mpaka sauti ikamkauka. Hapa alisoma karatasi dakika tano ("mtumwa aliyejinunulia uhuru, akaanzisha mji"), akatuambia tujipigie picha, akarudi garini kwenye kiyoyozi. Kwa bahati nilikuwa nimesoma habari za huyu mzee wiki nzima, kwa hiyo kiongozi nikawa mimi. Namsimulia Mama kwa Kiswahili, kisha nawageuzia kwa Kiingereza wazee wawili wa Kimarekani waliokuwa wanatufuata nyuma. Hivyo haya yanayofuata hamtayapata kwenye lile basi, yachukueni hapa bure.

Frank alizaliwa South Carolina mwaka 1777. Mama yake, Juda, alikuwa mtumwa mzaliwa wa Afrika Magharibi. Baba yake inaaminika alikuwa yule yule bwana aliyemmiliki, George McWhorter. Mwaka 1795 akahamishiwa Pulaski County, Kentucky, wakati huo bado ni nchi ya misitu ya kufyeka. Huko akamwoa Lucy, mtumwa wa shamba la jirani. Kwa hiyo mume ana bwana wake, mke ana bwana wake, na kila mtoto anayezaliwa ni mali ya bwana wa mke.

Baadaye bwana akahamia Tennessee, akamwachia Frank shamba aliendeshe. Akamruhusu pia kujikodisha kwa watu wengine, mradi sehemu ya ujira ifike kwake. Mama akanikatiza: "Kumbe kibarua." Ndiyo hasa. Neno letu hilo lilitokana na vijibarua walivyopewa vibarua wa zamani kule pwani, na wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Sikuhitaji kumweleza zaidi.

Kilichomtoa Frank ni shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti. Milima ile ya Kentucky ina mapango. Unachimba udongo wa pangoni, unaumiminia maji, yale maji unayachuja na majivu ya kuni, kisha unayachemsha mpaka chumvi ijigande. Mwaka 1812 Marekani ikaingia vitani na Uingereza, baruti ikatakiwa, na shura ikawa na soko. Mchana alikuwa na shamba la bwana, kwa hiyo hiyo kazi ya shura ilikuwa ya muda wake wa ziada. Hapo ndipo alipoanza kuweka akiba.

Halafu sikilizeni alivyoitumia, maana hapa ndipo Mama aliposimama kabisa. Mwaka 1817 alikuwa amefikisha dola 800. Hakujinunua. Akamnunua Lucy.

Nilitaka kumweleza sababu, akaniwahi. "Alikuwa na mimba?"

Alikuwa na mimba. Sheria ilikuwa mtoto anafuata hali ya mama. Lucy akiwa huru, mtoto wa tumboni anazaliwa huru na kila atakayemfuata. Angetangulia kujikomboa yeye, angekuwa mtu huru anayezaa watumwa. Mtoto yule aliitwa Squire, na ndiye wa kwanza katika nyumba ile kuzaliwa bila kumilikiwa na mtu. Miaka miwili baadaye, 1819, Frank akatoa dola 800 nyingine akajinunua mwenyewe kutoka kwa warithi wa bwana wake, ambao, kama hiyo habari ya baba ni kweli, walikuwa ndugu zake wa damu. Sensa ya 1820 imemwandika Free Frank, yaani Frank Huru. Jina la ukoo halikuwepo.

Mwanawe Frank mdogo alikuwa ametoroka, akakimbilia Kanada. Mwaka 1829 mzee akautoa mtambo wake wote wa shura, ukawa bei ya kijana huyo. Mwaka uliofuata wakafungasha kwenda Illinois, yeye, Lucy, Frank mdogo na wale waliozaliwa huru. Watoto wakubwa walibaki nyuma utumwani. Mimi ni mtu niliyejaza fomu za kumleta mdogo wangu Marekani miaka na miaka, na nasema hapo sikuweza kumtazama Mama usoni. Frank alirudi Kentucky mwaka 1835 akamkomboa Solomon. Aliendelea hivyo, mmoja mmoja, mpaka watu wa familia waliokombolewa wakafika 16, naye akiwemo, kwa karibu dola 14,000. Alipofariki mwaka 1854 alikuwa bado hajamaliza. Wosia wake uliacha maagizo wajukuu waliobaki wanunuliwe.

Na mji? Mji ulikuwa njia ya kupata hizo hela. Mwaka 1836 alipima viwanja 144, akaviuza kwa weusi na weupe, yeyote mwenye fedha. Mwaka uliofuata bunge la Illinois likapitisha sheria ya kumpa jina rasmi, Frank McWorter, na haki ya kununua, kuuza, kushtaki na kushtakiwa. Mwanamume wa miaka 60, ana mji, ndiyo kwanza anapata jina la kuandikia hati. Weupe na weusi walikaa mtaa mmoja, mwaka 1865 walifika watu 160 hivi. Missouri ya watumwa iko pale pale ng'ambo ya mto, hebu pimeni ujasiri huo.

Mwaka 1869 reli ilipita kaskazini, ikaukwepa mji. Biashara zikahama, na mwaka 1885 sehemu kubwa ya viwanja ilifutwa kwenye ramani. Watu wa akiolojia walianza kuchimba miaka ya 2000 mwanzoni, na Desemba 2022 eneo likaingizwa kwenye hifadhi za taifa za Marekani. Kati ya vilivyofukuliwa kuna vipande vidogo vya vyombo ambavyo huenda vilikuwa kete za mchezo wa jamii ya bao. Mama alicheka kwa sauti. "Baba yako ungemtoa hapa kwa winchi."

Basi likapiga honi. Mama hakugeuka. Alikuwa anasoma bango kwa kidole, herufi kwa herufi, Kiingereza chake cha zamani cha shule. Honi ya pili. Nikaenda kuomba dakika kumi, nikanyimwa kwa sababu ya foleni ya St. Louis. Makaburi ya familia ya McWorter, aliko Frank mwenyewe, hayakuwa hata kwenye ratiba.

Nyota: mbili kati ya tano. Gari lilikuwa safi na dereva makini. Lakini huwezi kutangaza mji huo kwa herufi kubwa kwenye tangazo lako halafu ukaufanya kituo cha kunyoosha miguu. Mwenye gari lake aende mwenyewe, atenge saa mbili na nusu, ashushe ile programu ya simu kabla hajatoka nyumbani. Beba maji na kofia, mti wa kivuli wa kutosha sikuuona. Vaa soksi ndefu pia. Tulipofika nyumbani Mama alikuta kupe mmoja kwenye kifundo cha mguu, akanikabidhi nimtoe huku akiuliza Lucy alinunuliwa mwezi gani wa mimba.