Uzoefu wangu: kumtafuta babu aliyefia Cardiff kwa faharasa ya vifo

Nyumbani kwetu Unguja, baba yake babu yangu alisomewa khitma miaka nenda miaka rudi bila mtu kuijua tarehe aliyofariki. Kilichojulikana ni kwamba aliondoka akiwa kijana kwenda kutia makaa katika matanuri ya meli za Waingereza, kwamba barua yake ya mwisho ilitoka Cardiff, mji wa bandari huko Wales, na kwamba wazee walidhani alizama vitani. Kwa hiyo nilianza na orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo kuipekua ni bure. Mnara wa Tower Hill, London, una majina ya karibu mabaharia 12,000 wa meli za biashara waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza wasiwe na kaburi ila bahari. Yeye hakuwamo, nikaamua kumtafuta nchi kavu.

Huduma ninayoisifu ni faharasa ya mtandaoni ya Ofisi Kuu ya Usajili ya England na Wales, ambako vifo vimesajiliwa tangu Julai 1837. Kutafuta hakulipiwi, ila ni lazima uingize jina la ukoo, jinsia na mwaka, ambao unaweza kuupanua kwa miaka miwili mbele na nyuma. Kwenye jina la ukoo ndipo nilipokwama wiki tatu nzima, kwa kuwa Hamisi bin Juma hana ukoo wa kujaza katika kisanduku cha Mzungu. Nilijaribu Hamisi, Khamis, Hames, hata Binjuma, hadi nilipomkuta chini ya “Jumah”: Cardiff, robo ya kwanza ya mwaka 1931, umri 44, juzuu la 11a la daftari la vifo.

Nakala ya PDF ya usajili wa kifo chake niliilipia pauni 8. Haina nguvu ya kisheria, kwa hiyo usiitegemee katika mirathi, lakini kwa kufuatilia nasaba sioni haja ya kulipa pauni 12.50 za cheti cha karatasi. Anayetarajia kuona mahali alipozaliwa marehemu ajue mapema kwamba vyeti vya kifo vya huko havikuwa na habari hiyo hadi 1969. Mimi nilivunjika moyo kwa hilo, nikakaribia kuipuuza safu ya mtoa taarifa, kumbe ndiyo iliyokuwa na faida kuliko zote: aliyeripoti kifo hakuwa ndugu, bali mwenye nyumba ya kulala mabaharia, na anwani yake imeandikwa kamili.

Tovuti moja ya kulipia, ambayo sitaitaja, ilinikata ada ya mwezi wa pili nikiwa nimeshajitoa, na Hamisi iliyenihakikishia kuwa ndiye alikuwa mwanamke.

Kwa tarehe na anwani nilizozipata katika nakala ile ya PDF niliwaandikia wasimamizi wa makaburi ya mji, nao wakanitumia picha ya ukurasa wa daftari la maziko. Amezikwa siku mbili baada ya kufa, katika kaburi lenye namba lakini lisilo na jiwe, na mbele ya jina lake karani ameandika, kwa wino uliofifia, kuwa ni Mwislamu. Safu ya ada inaonyesha kwamba ililipwa yote. Nani aliyelipa, haisemi.