Mche wa mgomba wa Blue Java uliooteshwa maabara: mzuri, ila picha zinadanganya

Zile ndizi za buluu iliyokolea kwenye matangazo ni uongo. Blue Java mbichi ina kijani chenye ukungu wa rangi ya fedha, na ikiiva hugeuka njano hafifu. Nyama yake laini kama krimu, yenye ladha ya vanila, ndiyo inayostahili pesa. Mche huja mdogo, majani mororo. Ukiuanika juani siku ya kwanza utaungua. Uweke kivulini wiki 4, kisha shimo la sentimita 60 kwa 60 na debe la samadi iliyooza. Maji yakituama, mizizi huoza. Machipukizi yakitokea kando ya mgomba, bakiza moja tu. Mgomba hufika mita 5, kwa hiyo usahau chungu cha varanda.