Transista za pawa: kazi moja, nimenunua mara mbili

Amplifaya yangu ya zamani ilikufa upande wa kulia. Fyuzi iliungua, nikaweka nyingine, nayo ikaungua kabla sijaondoa kidole kwenye swichi. Multimita haikunisumbua: miguu ya kolekta na emita imeshoti kwenye transista mbili kati ya nne za pawa zinazosukuma spika ya upande ule, 2SC3281 moja na mwenzake 2SA1302.

Hapo ndipo nilipokosea. Namba hizo ziliacha kutengenezwa miaka mingi iliyopita, lakini mtandaoni zimejaa tele, "mpya kabisa", tena kwa bei ya kutupa. Nikajidanganya kwamba nimebahatika kukuta stoo iliyosahaulika. Zilipofika zilipendeza kweli, maandishi meupe pe na miguu inang'aa. Nilipiga muziki wa chini kwa wiki mbili. Siku nilipoongeza sauti, pah! Zimekufa zote nne, na zimeondoka na draiva zake (transista ndogo zinazoziendesha) na rezista mbili za emita.

Kwa hasira niliibana moja kwenye jiliwa nikaipasua. Kichipu cha silikoni ndani kilikuwa kidogo, hata milimita 3 hakifiki. Nikapasua na moja ya zile za asili zilizokufa mwanzo: chake kilikuwa kipana, karibu ukucha wa kidole cha mwisho. Chipu ndogo inapitisha muziki wa chini bila shida, ila joto la sauti kubwa haina pa kulipeleka.

Mara ya pili nilianza na hesabu. Amplifaya hii ina volti 60 chanya na 60 hasi, kwa hiyo transista iliyofunga (isiyopitisha umeme) inaweza kubeba karibu volti 120. 2SC5200 na 2SA1943 zingefaa: volti 230, ampea 15, wati 150. Tatizo ni kwamba nazo zinaghushiwa kupita kiasi. MJL21194 na MJL21193 ni ngumu kweli kweli, lakini kasi yake ni megahezi 4 tu, na saketi yangu ilipangwa kwa transista za megahezi 30. Sikutaka kuanza kuchezea kapasita za fidia, zile zinazoituliza saketi. Nikachukua MJL3281A na MJL1302A za onsemi: ampea 15, wati 200, megahezi 30, na mpangilio wa miguu ni uleule, besi, kolekta, emita. Safari hii nilinunua kwa msambazaji aliyeidhinishwa na kiwanda. Bei iliuma.

Nilizipima hFE (mara ngapi zinakuza mkondo) na kuoanisha zile zilizokaribiana, maana kila upande una jozi mbili zinazofanya kazi sambamba. Draiva mpya, rezista mpya za omu 0.22, mika mpya za kutenga transista na hitisinki (bamba la kupoza), na grisi nyembamba (watu wanaipaka kama siagi, ndiyo kosa). Kabla ya kuwasha nikapima kama kuna kolekta inayogusa hitisinki. Nikarudisha bayasi (mkondo mdogo unaopita hata bila muziki) chini kabisa, nikapitisha umeme kwenye balbu ya wati 60 iliyofungwa sirizi ili ibane umeme kama bado kuna shoti. Balbu iliwaka mara moja, ikafifia. Nilipumua.

Kisha nikaondoa balbu, nikapandisha bayasi polepole hadi milivolti 11 kwenye kila rezista ya emita, yaani miliampea 50. Baada ya nusu saa ilikuwa imepanda hadi 13, nikaishusha tena.

Sasa ni miezi minane. Nimeipiga kwa sauti ambayo wenzangu wa nyumbani hawaipendi, na hitisinki inashikika bila kuunguza. Kuhusu sauti yenyewe, sitadai kwamba ni tamu kuliko zamani. Sioni tofauti yoyote na upande wa kushoto, ambao bado una zile za asili. Hizo sijazigusa.