Nyumba ya Garfield, Mentor, Ohio: nyota tano, na wala sikutaka kwenda

Shemeji yangu alikuja kututembelea hapa Cleveland, akang'ang'ania aonyeshwe nyumba ya Rais wa Marekani wa zamani, yoyote ile. Ya karibu ni hii ya James Garfield, kama nusu saa kwa gari ukishika barabara kuu ya I-90. Nilichokuwa najua mimi ni kwamba alipigwa risasi Julai 1881, miezi minne haijatimia tangu aapishwe. Basi.

Kituo cha wageni kiko kwenye lililokuwa banda la magari ya farasi. Nyumba yenyewe huingii peke yako, mnaingizwa na mhifadhi kwa zamu, kwa hiyo ukifika tu ulizia zamu inayofuata ni saa ngapi. Ukisubiri, zunguka nje uone kinu cha upepo na kile kijumba alichokifanya ofisi ya kampeni mwaka 1880.

Sasa, kabla ya kuja huku nilifundisha sekondari Tanga miaka kumi na moja, na miguu yangu ilinasa kwenye habari za vita. Garfield alikuwa mkuu wa chuo kidogo cha Hiram. Mwaka 1859 akachaguliwa kuingia Seneti ya jimbo la Ohio. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza 1861, akapewa ukanali wa Kikosi cha 42 cha Ohio, na wanafunzi wake wakamfuata kujiandikisha. Kombania A ilijaa vijana wa Hiram. Na huyo kanali jeshi hakuwahi kulisomea! Alijifundisha kwa vitabu, usiku, akipanga vipande vya mbao kama askari, anavigeuza kulia, anavigeuza kushoto. Shemeji akacheka. Mimi sikucheka. Mwalimu yeyote aliyewahi kubebeshwa somo asilolisomea, akalisaka usiku ili kesho asubuhi alifundishe, mtu huyu anamjua. Ila mimi nikikosea, mtoto anapata sifuri.

Januari 10, 1862, huko Middle Creek, Kentucky, alikutana na Humphrey Marshall, jenerali wa waasi wa Kusini, mtu aliyesoma chuo cha kijeshi cha West Point na kupigana vita vya Meksiko. Aliyerudi nyuma ni Marshall. Lakini kisa kilichonikaa ni cha baada ya hapo: mto Big Sandy ulifurika, chakula cha askari kikawa hakifiki, Garfield akapanda meli ya mvuke iitwayo Sandy Valley na kushika usukani mwenyewe, akaipandisha kinyume na mkondo. Ujanani aliwahi kuswaga wanyama wanaokokota mashua mferejini, hivyo mambo ya vyombo hayakuwa mageni sana kwake. Mapigano ya Chickamauga, umeja jenerali, ubunge wa Washington, hayo utaelezwa. Mhifadhi tuliyempata sisi alieleza bila haraka, na maswali yangu yote ya kiualimu aliyavumilia.

Ndani ya nyumba pazuri kuliko pote ni maktaba, ambayo mjane wake, Lucretia, aliijenga baada ya msiba. Ina chumba madhubuti cha kuhifadhia karatasi za marehemu, na humo limo shada la maua lililotumwa na Malkia Victoria kwa ajili ya mazishi. Lucretia alilitia nta lisioze. Shemeji alisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, mpaka ikabidi nimvute mkono.

Kuleni kabla ya kutoka nyumbani. Sisi tulisimama mahali njiani, sitapataja, kuku alikuwa mbichi mfupani.

Kaburi lake liko hukuhuku Cleveland, kwenye makaburi ya Lake View, na jeneza unaliona kabisa, limefunikwa bendera. Miaka sita napita hapo nikienda kazini usiku. Jumapili hii nitaingia.