Kidude cha elfu 25 cha kusoma gari: kweli kinakuambia kwa nini inakula mafuta?

Haya wadau, hiki hapa, kinaenea kwenye kiganja, kibluu hivi, kimeandikwa ELM327, jina la chipu ya ndani, na basi, hamna jina la mtengenezaji wala nini. Nimekinunua Kariakoo elfu 25 baada ya kubishana sana, jamaa alianzia 45. Na sababu ya kukinunua ni moja tu, kigari changu cha 2004, cc 1490, otomatiki, kilianza kunywa wese kama kina nyumba ndogo mahali kinaipelekea.

Sasa kabla sijakichomeka, tukubaliane kitu. Wengi wetu hatujui gari inakula kiasi gani, tunajua tu inauma. Unaweka ya elfu 20 leo, ya elfu 10 keshokutwa, halafu bei yenyewe EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wanaitangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo elfu 20 ya mwezi huu sio lita zile za mwezi uliopita, we unalaumu gari kumbe lita zenyewe zimepungua. Mi nilijibana nikajaza tenki mpaka pampu ikakata yenyewe, nikarudisha ile mita ndogo kwenye sifuri, nikaenda mizunguko yangu ya kawaida Tabata mpaka Posta kupitia Buguruni na foleni yake yote, nikarudi sheli ileile, pampu ileile, nikajaza tena mpaka ikakata. Kilomita 196, lita 24.5. Gawanya hapo, ni kilomita 8 kwa lita. Kwa kigari cha saizi hii hapana aisee, hapo kuna tatizo.

Nikaenda gereji. Fundi hata boneti hakufungua vizuri, akasikiliza kidogo, "bosi, hiyo oksijeni sensa imekufa, na plagi tubadilishe kabisa, na nozeli tuzioshe". Jumla aliyonitajia ilikuwa inakaribia laki 3. Simtukani, inawezekana kabisa ikawa hivyo, ila nikamuuliza umejuaje, akaniambia magari haya ndio ugonjwa wake. Ndio nikaenda Kariakoo.

Sasa angalieni, tundu liko hapa chini ya usukani, upande wa goti, lina pini 16. Unachomeka, unawasha swichi, unaunganisha na simu kwa blututhi. Programu ninayotumia ni Car Scanner, ile ya bure inatosha. Wenye iPhone sikilizeni hapa maana mtalia, hiki cha blututhi ya kawaida hakitawaunganishia, mnatafuta cha waifai au kile cha blututhi ya kisasa.

Na jambo kubwa kuliko hilo, kuwa na tundu sio kwamba gari itaongea. Marekani walilazimisha OBD2, yaani ile lugha moja ya gari kuongea na vidude hivi, kwenye magari ya kuanzia 1996, Ulaya kwa ya petroli 2001, Japani wao walichelewa, kwa hiyo haya ya kwetu ya Kijapani ya miaka ya mwanzoni mwa 2000 mengine yana tundu zuri kabisa na kidude kinakaa kimya kama kimenuna. Dawa yake ni moja, nenda na gari, kijaribishe hapohapo dukani kabla hujatoa hela. Jamaa akikwambia "hiki kinasoma zote", muulize kama atakurudishia hela kisiposoma, utaona uso unavyobadilika. Hivi vya bei hii karibu vyote ni kopi pia, vingine vimeandikwa v1.5 na wenye chipu halisi ya ELM327, kampuni ya Kanada, hawakuwahi kutoa toleo hilo. Kopi inafanya kazi lakini ni nzito, inasoma polepole, kwa hiyo usifungulie vipimo 20 kwa mpigo, chagua tatu nne.

Cha kwanza nikasoma kodi za makosa, zile namba kompyuta ya gari inazohifadhi ikiona tatizo. Hamna. Sifuri, gari safi kabisa. Hapa ndio watu wengi wanakitupa kwenye droo wanasema nimeibiwa. Taa ya injini haiwaki, kodi hamna, lakini mafuta yanakwisha, kwa sababu kompyuta ya gari ya zamani hailalamiki mpaka kitu kife kabisa. Faida ya kidude iko kwenye namba zinazotembea wakati gari inatembea.

Nikaanza na mshtakiwa wa fundi, oksijeni sensa ya mbele, ile inayopima oksijeni kwenye moshi. Injini ikishachanganya, ile volti inatakiwa iruke juu chini, kama 0.1 mpaka 0.9, bila kutulia. Yangu inacheza vizuri kabisa. Nikaangalia na fyueli trimu, yaani kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta asilimia ngapi kurekebisha mchanganyiko, ile ya muda mrefu ilikuwa inacheza jumlisha 2 mpaka 4. Ikivuka 10 upande wowote ndio unaanza kutafuta. Kwa hiyo sensa nikaiachia huru, laki 3 yangu ikarudi mfukoni.

Namba iliyonishtua ni ya joto la kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini. Nimekaa foleni Buguruni inapanda, 78, 80, nikasema sawa. Jumapili nikaichukua Morogoro Road, pale Kimara kwenda Kibaha kwenye njia nane, gari imechanganya, kilomita 80 kwa saa, namba ya joto inashuka. 74. 68. Ikakaa 63. Jamani, jua la Dar, gari inakimbia, na injini inapoa! Inatakiwa ikishafika kwenye 82 na kuendelea ikae hapo, uwe foleni uwe njia kuu.

Hiyo ni themostati. Ni kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Kikikwama wazi, au kisipokuwepo, upepo wa mbele unapoza injini muda wote, kompyuta inaona injini ya baridi inaongeza mafuta, oili inabaki nzito, na gia boksi ya otomatiki nayo inachelewa kuingia ile gia ya juu ya kupumzisha injini. Wenzetu wa nchi za baridi wanagundua mapema kwa sababu hita inatoa upepo wa baridi. Sisi nani anawasha hita Tabata? Na dashbodi yangu haina mshale wa joto, ina taa ya bluu tu, ikizima unajua tayari, kumbe inazima mapema sana.

Nikarudi kwa fundi, tukafungua. Ndani kitupu! Themostati haipo, alishaitoa mtu zamani kabla sijanunua gari. Fundi akacheka, "kaka, huku kwetu wanazitoa, Dar joto bwana". Hapo nilitaka kugombana naye kidogo. Joto la nje la 32 na 82 ya injini vinahusiana nini?

Lakini ngoja, kama ya kwako ilitolewa usikimbilie kurudisha. Jiulize ilitolewa kwa nini. Mara nyingi gari ilikuwa inachemsha, rejeta imeziba au feni haizunguki, mtu akaficha ugonjwa kwa kutoa themostati, wewe ukirudisha tu utaua gasketi ya silinda hedi. Mi nilisafisha rejeta kwanza, nikahakikisha feni inawaka, nikaweka kulanti sio maji ya bomba. Na themostati mpya, elfu 30, niliichemsha kwenye sufuria nyumbani kabla ya kufunga, imegongwa namba 82, yaani joto la kuanza kufunguka, na kweli inafunguka kabla maji hayajatokota. Mama watoto hajafurahia hiyo sufuria, tuliacha hapo.

Sasa kasoro ya kidude, na hapa niwe mkweli. Kabla ya themostati nilikuwa nimeshagundua vitu viwili ambavyo hakikuniambia kabisa. Tairi zote nne zilikuwa na upepo 22, kibandiko cha mlangoni kinataka zaidi ya 30. Na breki ya nyuma kushoto ilikuwa inashika, nilijua kwa mkono tu, ukishuka gusa rimu zote kwa uangalifu, moja ya moto kuliko wenzake ndio hiyo. Hivyo viwili peke yake vilinitoa 8 kwenda 9.3. Themostati ikanifikisha kilomita 240 kwa lita 22, yaani 10.9 na foleni zake. Na ile namba ya mafuta ambayo programu inakuonyesha kwenye simu msiiamini, ni makadirio, mara inaniambia 14 mara 9 safari ileile.

Kwa hiyo kwa elfu 25 mi nakipa nane kwa kumi, mbili nimekata moja ya kusoma polepole na moja ya kutokuwa na swichi ya kuzima. Kinavuta umeme hata gari ikiwa imezimwa, kwa hiyo msikiache kimechomekwa usiku. Hiki chenyewe nakichomoa sasa hivi, jirani ameshapiga mara mbili anakitaka, na gari lake ni la 2001, sijui kama litaongea.