Cantona au Vinnie Jones: nani alihamia vizuri kwenye filamu?
Vinnie Jones aliingia kwenye filamu na sifa zake zote za uwanjani. Huyu ndiye kiungo wa klabu ya Wimbledon ya England aliyepigwa picha mwaka 1988 akimminya Paul Gascoigne sehemu za siri, na mwaka huohuo wakaifunga Liverpool 1-0 na kubeba Kombe la FA. Mwongozaji filamu Guy Ritchie alipohitaji mbabe wa kudai madeni katika filamu yake ya 1998, hakuhangaika kutafuta. Kazi zikafuata hadi Hollywood, ila nyingi za ubabe uleule.

Eric Cantona, mshambuliaji Mfaransa, naye angeweza kupita hapohapo. Lile teke alilompiga shabiki katika uwanja wa Selhurst Park, Januari 1995, lingemtosha. Badala yake, baada ya kustaafu Manchester United mwaka 1997 akiwa na miaka 30 tu (tulilia!), alivaa mavazi ya balozi wa Ufaransa katika filamu ya Elizabeth, na 2010 akapanda jukwaa la tamthilia Paris. Hata alipoigiza kama Cantona mwenyewe katika filamu ya mwongozaji Ken Loach, 2009, alikubali kuonekana akihangaika na tarumbeta.

Anayetaka kazi haraka, njia ya Jones ni fupi. Mimi ningechagua ya Cantona, mradi benki kuwe na akiba ya kunivusha kipindi cha nafasi ndogondogo za kuigiza.